Mbuzi, sindano na watu 11

"Kaka, hawa wanaopanga bei ya sindano ndio hao hao wanaojadili mbuzi?"

Aliyeniuliza ni mama wa Kikongo, mzaliwa wa Uvira. Tulikuwa kwenye korido ya idara ya afya ya kaunti moja ya jimbo la North Carolina, Marekani, tukisubiri jina la mwanawe liitwe, na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake siku hiyo. Kwenye ubao wa matangazo palikuwa na karatasi ya kikao kijacho cha bodi ya afya. Katika ajenda mambo mawili yalifuatana: marekebisho ya ada za kliniki, kisha kanuni za kuonesha wanyama mbele ya umma. Nilimsomea mstari kwa mstari. Maneno aliyapata yote. Kilichomkwamisha ni vipi mambo hayo mawili yakae mkeka mmoja, na alinitazama kana kwamba nimekosea kutafsiri.

Nilimjibu kwa kifupi: ndiyo, mama, ni hao hao. Maelezo marefu hayakupata nafasi, maana mtoto aliitwa. Nayaandika hapa kwa sababu wasemaji wa Kiswahili katika jimbo hili si wachache tena. Wengi wamefika kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nakivale, na kutoka Nairobi, na idara ya afya ya kaunti ni mojawapo ya milango ya kwanza waliyobisha, kwa kuwa uchunguzi wa afya wa mkimbizi aliyewasili hufanyika huko. Wanaijua idara. Bodi iliyo juu yake hawaijui, wala majirani zao Wamarekani hawaijui sana.

Kwanza, neno kaunti. Msomaji wa Kenya asilichanganye na kaunti yake yenye gavana na bunge. Hapa kaunti huongozwa na makamishna wachache waliochaguliwa kwa kura, ambao humwajiri meneja wa kuendesha shughuli za kila siku. North Carolina ina kaunti 100. Kila moja lazima ihudumiwe na idara ya afya, iwe yake peke yake au ya pamoja na jirani, na katika muundo wa kawaida idara hiyo husimamiwa na bodi ya watu 11 wanaoteuliwa na makamishna kwa mihula ya miaka 3.

Hao 11 hawachaguliwi ovyo. Sheria ya jimbo inataja kiti kimoja kimoja: daktari, daktari wa meno, mtaalamu wa macho, daktari wa mifugo, muuguzi, mfamasia, mhandisi, kamishna mmoja wa kaunti, na watu 3 wa kuwakilisha wananchi wa kawaida. Soma tena orodha hiyo, utaona jibu la swali la korido limo ndani yake. Bodi iliyoundwa kusimamia kliniki tu isingehitaji mhandisi, na daktari wa mifugo angekuwa mgeni pale. Wapo kwa sababu sheria haikuyaona magonjwa kuwa yanaanzia kitandani kwa mgonjwa. Yanaanzia kisimani, chooni, jikoni na zizini. Kliniki ni mwisho wa safari.

Kuna kaunti ambazo bodi ya namna hiyo haipo tena. Tangu mwaka 2012 sheria inawaruhusu makamishna wa kaunti yoyote kuivunja na kuchukua madaraka yake wenyewe, mradi watoe taarifa ya siku 30 na kuwasikiliza wananchi kwanza. Wengine wameunganisha afya na ustawi wa jamii chini ya chombo kimoja. Kwa hiyo ukiambiwa "bodi imeamua", uliza bodi ipi. Huenda ni wale makamishna wenyewe, wamebadili kofia tu.

Kiini cha mkanganyiko kiko hapa. Bodi ina madaraka mawili yanayofanana kwa nje lakini yanakwenda kwa njia tofauti kabisa. Inaweza kutunga kanuni za kulinda afya ya umma. Na inaweza kuweka ada kwa huduma zinazotolewa na idara yake. Kanuni huipitisha yenyewe, haihitaji ruhusa ya makamishna, ila mahakama na sheria za jimbo zimeizungushia uzio wa karibu. Kwenye ada bodi ina uhuru mpana wa kuihesabu, lakini bila makamishna kukubali haiwi ada. Mtu akikasirishwa na moja akaenda kupiga kelele kwenye mlango wa nyingine, anarudi nyumbani na hasira yake.

Nianze na mbuzi, maana ndiko kwenye hadithi.

Oktoba 2004, kwenye Maonyesho ya Jimbo mjini Raleigh, palikuwa na zizi la kushikashika wanyama. Aliyewahi kwenda viwanja vya Nane Nane anaijua furaha ya mtoto wa mjini anapokutana na mnyama uso kwa uso. Tofauti ni kwamba hapa mtoto haangalii tu kutoka nje ya uzio. Anaingia ndani, kondoo na mbuzi wanamzunguka, wanakula chakula kutoka kiganjani mwake. Wiki zilizofuata, watu 108 walihesabiwa kuwa wameugua kutokana na bakteria aitwaye E. coli O157:H7. Wengi walikuwa watoto wadogo. Kati ya wagonjwa hao, 15 walipatwa na ile hali mbaya ambapo sumu ya bakteria inavunja chembe nyekundu za damu na kuziba mishipa midogo ya figo.

Bakteria huyu ana tabia tatu zinazofanya kanuni za maonyesho kuwa kama zilivyo. Ng'ombe, mbuzi na kondoo humbeba tumboni bila kuugua, kwa hiyo mnyama mwenye manyoya yanayong'aa na afya njema anaweza kuwa ndiye anayemmwaga. Pili, vijidudu vichache mno vinatosha kumlaza mtoto, makumi tu, kiasi ambacho hakionekani hata kama uchafu kwenye kucha. Tatu, dalili huchelewa siku tatu au nne hivi, na zikianza, kuhara kunakogeuka kuwa na damu, wanyama wameshapakiwa kwenye lori na kwenda maonyesho ya mji mwingine.

Wachunguzi waliwalinganisha watoto walioumwa na wasioumwa. Waliogusa au kukanyaga kinyesi waliumwa zaidi. Waliokaa au kuanguka chini waliumwa zaidi. Waliokuwa wakinyonya kidole, au wakitumia chuchu bandia au kikombe cha mtoto mle ndani, hao ndio walioumwa zaidi na zaidi. Dawa ya mikono ya kileo, ile jeli inayotundikwa ukutani, haikuonekana kuwakinga. Mkono wenye mafuta ya kondoo na samadi si mkono ambao jeli inaweza kuusafisha. Na kuna jambo moja ambalo mimi huwa nalirudia kila nikipata nafasi: familia ambazo mtu mzima alijua tangu mwanzo kwamba mifugo inaweza kuambukiza hazikuumwa sana kama nyingine. Kujua tu kulisaidia.

Bunge la jimbo lilitunga sheria mwaka uliofuata, 2005. Wengi hudhani sheria hiyo iliipa bodi ya afya meno. Haikufanya hivyo. Iliupeleka mzigo kwa Kamishna wa Kilimo wa jimbo: yeye ndiye anayetoa kibali, wakaguzi wake ndio wanaopita kabla ya lango kufunguliwa, na kanuni zake ndizo zinazosema mabango yawe wapi, sehemu ya wanyama itengwe vipi na sehemu ya kula, na maji ya kunawia yawe ya namna gani. Idara ya afya ya kaunti inabaki na kazi ya kupokea taarifa za wagonjwa na kufuatilia nani alikuwa wapi. Kwa lugha nyingine, kilimo kinalinda zizi, afya inahesabu wagonjwa.

Sasa angalia upana wa sheria hiyo. Inahusu maonyesho rasmi ya kilimo ambamo wanyama wanawekwa ili waguswe na watu. Mbuzi wawili na sungura walioletwa kwenye sherehe ya kuzaliwa hawamo. Vifaranga darasani hawamo. Shamba linalofungua geti lake kila Oktoba kwa watu wanaokuja kuchuma maboga na kulisha ndama, nalo si maonyesho ya kilimo kwa maana ya sheria. Serikali ya shirikisho inayo sheria yake ya ustawi wa wanyama ya mwaka 1966, na mwenye biashara ya kuonesha wanyama anaweza kulazimika kuwa na leseni yake, lakini leseni hiyo inauliza mnyama anatunzwaje: ana maji, ana kivuli, ana nafasi. Mtoto aliyemshika ni habari nyingine.

Pengo hilo ndilo linaloziingiza bodi za afya za kaunti kwenye habari za mbuzi. Hazigombei viwanja vya maonyesho, ambavyo vina mwenyewe. Zinatazama yale yaliyobaki nje.

Na bodi ikitaka kulijaza pengo, inapaswa kupita kwenye tundu la sindano ambalo mahakama ililitoboa mwaka 1996. Kesi haikuhusu wanyama. Ilihusu moshi wa sigara katika Kaunti ya Halifax. Bodi ya afya ilipiga marufuku uvutaji katika maeneo fulani, ila ikaona huruma: migahawa midogo ikabanwa tofauti na mikubwa, na baa tofauti na migahawa, kwa kuangalia ugumu wa utekelezaji na hasara ya wafanyabiashara. Mahakama ya Rufani ya North Carolina iliitupa kanuni hiyo. Ilisema kanuni ya bodi ya afya lazima ihusiane na kulinda afya, iwe ya kiasi ukilinganisha na hatari yenyewe, isivunje sheria wala katiba, isibague, na isiweke tofauti zinazotokana na mambo ya kisera ambayo ni kazi ya wabunge na makamishna. Moshi haujui kama mgahawa una meza 5 au 50. Bodi ya wataalamu ikianza kupima nani ataumia mfukoni, imetoka kwenye kiti chake.

Huu ndio ubishi ninaoupenda kuliko yote katika jambo hili, kwa sababu unapindua akili ya kawaida. Chukua mfano: bodi inataka kila anayeleta wanyama wa kushikwa shuleni, kanisani au kwenye sherehe awe na bomba la maji yanayotiririka na sabuni hatua chache kutoka kwa wanyama. Mtu mwenye moyo mzuri anasimama kikaoni kusema makanisa madogo hayana fedha, yasamehewe. Wote wanatikisa vichwa kukubali. Kwa msamaha huo mmoja kanuni nzima imeshikwa ugonjwa, maana kinyesi cha mbuzi wa kanisani hakina tofauti na cha mbuzi wa shuleni. Mwanasheria yeyote aliyesoma kesi ya Halifax ataibeba hadi mahakamani na kurudi nayo ikiwa maiti. Huruma ya namna hiyo ni kazi ya makamishna. Wao wanaweza kutunga sheria ndogo ya kaunti na kupima faida na hasara wanavyoona, na wanayo hata mamlaka ya kuzuia ufugaji wa wanyama hatari kwa watu.

Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya jimbo iliongeza tundu la pili, safari hii kuhusu wanyama kweli. Kaunti ya Chatham ilikuwa imechoshwa na mabanda makubwa ya nguruwe, na bodi yake ya afya ikapitisha kanuni kali kuliko za jimbo. Sheria inaruhusu jambo hilo pale bodi inapoona ukali zaidi unahitajika kulinda afya. Mahakama ilizifuta. Jimbo, ilisema, lilikwisha kulishika eneo lote la ufugaji wa nguruwe kwa sheria zake, na isitoshe bodi haikueleza nguruwe wa Chatham wana hatari gani ambayo wa kaunti nyingine hawana. Tangu hapo, bodi yenye busara huandika sababu zake kwenye kumbukumbu za kikao kabla ya kupiga kura: tumeona nini hapa, kwa nini kanuni ya jimbo haitoshi hapa. Ukihudhuria kikao ukaona wajumbe wanajirudiarudia kuhusu "hali ya kaunti yetu", usidhani wamezeeka. Wanaongea na jaji wa kesi ambayo bado haijazaliwa.

Je, yote hayo yanalinda mtoto? Mwaka 2012 ugonjwa ulirudi, katika Maonyesho ya Kaunti ya Cleveland mjini Shelby. Watu 106 waliugua, mtoto mmoja akafariki. Sheria ya 2005 ilikuwapo. Safari hii mvua kubwa ilitajwa kuwa huenda ilisomba uchafu wa zizi na kuusambaza nje yake. Kibali unaweza kukibandika ukutani, maji ya mvua hayakisomi.

Nimesimama kwenye lango la kutokea la zizi la namna hii, msimu mmoja wa baridi inayoanza, nikimsubiri mtoto wa jirani. Ukiwa mtu mzima huoni kitu. Chuchumaa, uone kwa kimo chake. Sinki lilikuwa chini, kimo cha kiuno cha mtoto wa miaka 4, na maji yalifunguliwa kwa kukanyaga kipande cha bati mguuni, ili mkono mchafu usishike bomba. Punje za chakula cha mifugo zilikuwa zimemnata yule mtoto kiganjani kwa mate ya mbuzi. Vigari vya watoto vilipangwa nje ya uzio na chupa za maziwa zikiwa ndani yake, hakuna kuingia navyo. Kila kitu ambacho wachunguzi wa 2004 walikiandika kilikuwa kimegeuzwa kuwa mbao, bati na bomba. Bango la onyo nalo lilikuwapo, kubwa, kwa Kiingereza na Kihispania. Nikakumbuka kwamba kujua tu kulisaidia, nikamsomea bibi wa mtoto bango lote kwa Kiswahili. Alisikiliza, akachukua sabuni mara ya pili.

Nije kwenye ada.

Sheria inasema bodi inaweza kutoza ada kwa huduma za idara ya afya, isipokuwa pale sheria inapokataza, au pale mfanyakazi wa idara anapofanya kazi kama wakala wa jimbo. Mpango wa ada hupendekezwa na mkurugenzi wa afya, hupitishwa na bodi, kisha lazima upitishwe na makamishna wa kaunti. Saini mbili. Fedha inayopatikana hutumika kwa afya ya umma.

Kile kipengele cha wakala wa jimbo ndicho kinachowachanganya wenye biashara. Mkaguzi wa kaunti anapokagua mgahawa, anavaa kofia ya jimbo, na bodi haina ruhusa ya kujiwekea bei ya ziara yake. Bodi ikitunga kanuni yake yenyewe, tuseme ya wanyama wa kushikwa shuleni, ukaguzi unakuwa wa kaunti na swali la ada linafunguka. Hapo ndipo mistari miwili ya ile ajenda inapoweza kukutana. Lakini kwa mama aliyekaa nami korido, ada iliyomhusu ilikuwa ya mtoto wake.

Orodha ya ada ikibandikwa mlangoni inatisha, na sehemu kubwa ya hofu hiyo haina msingi. Bei iliyoandikwa sio bei ambayo wengi hulipa. Bima, ikiwemo Medicaid, ile ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa kawaida hulipa kiasi kilicho kidogo kati ya viwili: ulichotoza au kiwango chake. Idara ikitoza chini ya kiwango cha bima, imejinyima yenyewe na bima imefurahi. Kwa sababu hiyo wahasibu wa idara husukuma ada za karatasini ziwe juu kidogo ya kile bima kubwa inacholipa. Mjumbe wa bodi anaponyoosha mkono kukubali ongezeko, mara nyingi anakusudia kuipata fedha ya kampuni ya bima. Asiye na bima ndiye anayeiona namba hiyo na kugeuka mlangoni bila kuuliza.

Asigeuke. Kuna ngazi ya punguzo inayopimwa kwa kipato na idadi ya watu nyumbani, ikilinganishwa na kiwango cha umaskini kinachotangazwa na serikali ya shirikisho kila mwaka. Kwa 2025, kiwango hicho kilikuwa dola 15,650 kwa mwaka kwa mtu anayeishi peke yake, na dola 32,150 kwa familia ya watu 4. Katika kliniki za uzazi wa mpango zinazopata fedha ya mpango wa shirikisho ulioanzishwa mwaka 1970, aliye chini ya kiwango hicho halipi kitu, na punguzo linaendelea hadi asilimia 250 ya kiwango. Kwa familia ya watu 4 hiyo ilikuwa dola 80,375 kwa 2025, kipato ambacho watu wawili wanaofanya kazi kiwandani wanaweza wasikifikie. Kijana chini ya miaka 18 anayeomba huduma hiyo kwa siri hupimwa kwa kipato chake mwenyewe, si cha wazazi.

Zipo huduma ambazo bodi haiwezi kuzigusa hata ikipiga kura kwa sauti moja. Kupimwa na kutibiwa kifua kikuu katika idara ya afya ni bure kwa mgonjwa. Magonjwa ya zinaa yaliyotajwa na tume ya afya ya jimbo, vivyo hivyo. Chanjo za lazima na zile zinazotolewa na jimbo ni bure kwa asiye na bima au mwenye bima pungufu ambaye kipato cha familia yake kiko chini ya asilimia 200 ya kiwango cha umaskini. Na chini ya mpango wa shirikisho wa chanjo za watoto, ulioanza 1994, mtoto anayestahili hawezi kunyimwa chanjo ya mpango huo kwa sababu mzazi ameshindwa kulipa ada ya kudungwa.

Humo humo ndimo mnamoibuka malalamiko ninayoyasikia kila mara. Kaka alipima kifua kikuu bure, dada ametozwa, kwa nini? Kwa sababu kaka aliitwa baada ya kukaa na mgonjwa, hiyo ni kazi ya kudhibiti ugonjwa. Dada aliambiwa na mwajiri alete karatasi ya kipimo kabla ya kuanza kazi kwenye nyumba ya wazee, hiyo ni haja ya ajira. Sindano ile ile, muuguzi yule yule, sababu tofauti. Mimi naiona haki katika jambo hili, ingawa nakubali kwamba mtu asiyeelezwa lazima aone ameonewa.

Chanjo za safari ndizo zinazouma zaidi mfukoni, nazo zinatuhusu sisi hasa. Anayekwenda Kongo kumzika mzazi anahitaji chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo haimo katika zile za lazima za jimbo, ni ya hiari ya msafiri, na bodi nyingi huiweka kwa bei kamili bila ngazi ya punguzo. Na ile fomu ya uhamiaji ya I-693: kwa mkimbizi anayeomba ukaazi wa kudumu, idara ya afya inaruhusiwa kujaza sehemu ya chanjo. Chanjo zenyewe huenda zikawa bure, lakini kazi ya kujaza fomu inaweza kuwa na ada yake. Uliza mambo hayo mawili mbalimbali, usiulize "fomu ni bei gani" kwa ujumla. Mkalimani huulizwi bei: sheria ya haki za kiraia ya 1964 inaitaka taasisi inayopokea fedha ya shirikisho ichukue hatua za maana ili mtu ahudumiwe kwa lugha anayoielewa.

Wanyama nao wana kliniki yao. Katika jimbo hili mbwa, paka na fereti (mnyama mdogo wa kufugwa anayefanana na nguchiro) wa zaidi ya miezi 4 lazima wawe wamechanjwa kichaa cha mbwa, na kaunti huandaa siku za chanjo hiyo. Bei yake sheria imeifunga: gharama halisi ya dawa, cheti na kibati cha shingoni, pamoja na ada ya usimamizi isiyozidi dola 10. Nimeona mtu akimchanja mbwa kwa bei ndogo kuliko aliyolipa kwa chanjo yake ya safari, akacheka mwenyewe kwenye foleni.

Anayetaka kusema kitu kabla ya uamuzi, saa yake inategemea jambo lenyewe. Ada kwa kawaida hufuata bajeti. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, na makamishna hawawezi kupitisha bajeti bila kikao cha kuwasikiliza wananchi. Zaidi ya hapo, sheria inawataka watenge muda wa wananchi kusema angalau mara moja kila mwezi. Kwa hiyo mwenye shida na ada aanze kuonekana Machi au Aprili, kwenye bodi kwanza kisha kwa makamishna, kwa kuwa kufika Agosti ni kulilia chungu kilichokwisha kupasuka.

Kanuni haifuati kalenda hiyo. Inaweza kuja mwezi wowote. Sheria inataka tu kwamba, angalau siku 10 kabla bodi haijaipitisha, rasimu iwekwe ofisini kwa karani wa kaunti na tangazo litoke gazetini, likieleza kanuni inahusu nini na itaanza lini. Siku 10 ni chache, na gazeti lenyewe siku hizi halipiti kila mlango. Kanuni ikishapita, kuivunja ni kosa la jinai, dogo lakini la jinai. Anayeona ameonewa kwa hatua iliyochukuliwa dhidi yake ana siku 30 za kumpa mkurugenzi wa afya taarifa ya rufaa. Bodi humsikiliza, na asiporidhika huenda mahakama ya wilaya.

Mtoto alitoka na plasta begani, hana machozi. Mama yake alilipa sifuri, kwa sababu alikuwa ameleta hati za mshahara za mwezi mzima na mimi nilikuwa nimemkumbusha kwa simu jioni iliyotangulia. Tulipopita tena kwenye ubao alisimama. Dada yake huwapeleka sungura na bata wa mwajiri wake kwenye shule za chekechea, ndiyo maana mbuzi walikuwa wamemkaa rohoni. Akagusa mstari wa chini kabisa wa karatasi, ulioandikwa kwa herufi ndogo.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Nakala ya kanuni iko kwa karani wa kaunti."

"Karani anakaa jengo gani?"

Lilikuwa ng'ambo ya barabara. Alimshika mtoto mkono ule usiouma, tukasubiri taa ya kijani.